Tamko la Wafugaji wa Kuku wa Nyama Kuhusu Kinachotiwa Katika Chakula cha Mifugo

Chama cha wafugaji wa kuku wa nyama wa Kampala na viunga vyake kinatoa tamko hili kwa umma, kwa Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, na kwa mamlaka zinazosimamia dawa na viwango nchini Uganda.

1. Mwaka 2023 kamati ya Bunge ilielezwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa kwamba dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilikuwa zikilishwa kuku na nguruwe, na kwamba jambo hilo lilijulikana tangu 2014. Kwa miaka hiyo yote mlaji wa kuku wa Wandegeya, hapa Kampala, hakuambiwa. Habari zilipotoka, mfugaji asiyewahi kuzigusa dawa hizo akatiwa kapu moja na aliyezitumia.

2. Chama hakipingi viungio. Kuku wa nyama hufikisha kilo mbili kwa wiki tano au sita, na pumba na mukene (dagaa) pekee havimfikishi huko. Mahindi na soya, hata vikichanganywa kwa mkono wa fundi, hupungukiwa methionini, kijenzi cha protini, nayo hutiwa kwa gramu, pamoja na vitamini na madini. Hivyo ni chakula. Antibayotiki anayopewa kila siku kuku mzima ili anenepe si chakula, wala si tiba. Umoja wa Ulaya uliikataza desturi hiyo kuanzia Januari 2006. China nayo iliiondoa antibayotiki ya kolistini katika vichochezi vya ukuaji wa mifugo mwaka 2017, kwa kuwa hospitali huiweka kama tegemeo la mwisho wakati dawa nyingine zimeshindwa.

3. Hali ya soko inajulikana kwa kila anayesaga nafaka Kisenyi, hapa Kampala. Gunia la mchanganyiko huja na jina la mtengenezaji na asilimia ya protini, basi. Mfugaji haambiwi kama ndani mna salinomaisini ya kuzuia kuhara damu. Kuku wakishikwa na mafua akawapa antibayotiki ya tiamulini, dawa hizo mbili hazipatani mwilini: asubuhi huwakuta wamelala ubavu, miguu imelegea, na lawama humwendea daktari wa mifugo. Mukene nao, ukitia konzi moja ndani ya beseni la maji, mchanga hutua chini. Mchanga huo umepimwa kwenye mizani na kulipiwa bei ya protini. Na Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda kwa ajili ya sumukuvu, wapo waliodhani kilichokataliwa na watu kinawafaa kuku. Hakiwafai. Sumukuvu huliharibu ini la kuku na kumdumaza.

4. Kwa hiyo Chama kinashikilia kwamba mtengenezaji ana haki ya kuficha mapishi yake, lakini hana haki ya kuficha dawa. Anayelisha, anayechinja na anayekula, wote wana haki ya kujua.

5. Chama kinazitaka mamlaka husika zihakikishe kwamba kila gunia linataja dawa iliyomo na siku za kusubiri kabla ya kuchinja, na kwamba matokeo ya vipimo vya maabara yanatangazwa yanapopatikana, hata yakiwa machungu kwa biashara. Hofu ya kupoteza soko haiwezi tena kukubaliwa kuwa sababu ya kunyamaza.

6. Wanachama nao wamejifunga. Kila banda litakuwa na daftari la chakula na dawa, na konzi ya kila gunia itahifadhiwa hadi kundi lote liuzwe. Hakuna kuku atakayepelekwa sokoni kabla ya siku za kusubiri kwisha, hata bei ya sikukuu ikivutia namna gani. Mwanachama atakayebainika kulisha dawa za binadamu atafutwa uanachama, na jina lake litakabidhiwa kwa mamlaka. Madaftari hayo yatafunguliwa kwa mkaguzi yeyote mwenye kitambulisho, bila miadi.