Msongamano wa Mtandao Si Mvua ya Masika

Kila inapokaribia siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi au ya nafasi za masomo, tovuti nyingi za umma hulemewa. Ukurasa haufunguki, au humtupa mwombaji nje akiwa amekwisha kujaza fomu yote. Kisha hutoka tangazo lenye maneno yale yale: kuna msongamano mkubwa wa watumiaji, tunaomba radhi, jaribuni tena baadaye, hasa nyakati za usiku. Nalipinga tangazo hilo, na zaidi ya yote napinga namna neno "msongamano" linavyogeuzwa kuwa janga la asili.

Mvua haimwulizi mtu tarehe. Lakini siku ya mwisho ya maombi ilipangwa na taasisi yenyewe, ikatangazwa na taasisi yenyewe, na idadi ya wanaotarajiwa inakadirika kutokana na kumbukumbu za miaka iliyotangulia. Aliyealika wageni karamuni hawezi kushika kichwa kwa mshangao eti wamekuja.

Ndugu msomaji, tuutazame mzigo wenyewe. Tovuti yenye seva moja ni kama zahanati yenye daktari mmoja. Ukiongeza madaktari, lazima awepo wa kuwagawa wagonjwa. Mgawaji wa kwanza ni mlinzi wa getini: hamwulizi mtu anaumwa nini, humwelekeza tu, wewe chumba cha kwanza, wewe cha pili. Wahandisi wa mitandao huuita huo ugawaji wa tabaka la nne. Mgawaji wa pili ni muuguzi wa mapokezi. Huyu husoma ombi lenyewe: huyu anataka kusoma tangazo tu, yule anapakia cheti, mwingine yuko katikati ya fomu na inafaa arudishwe kwa seva ile ile iliyoanza kumhudumia. Huo ndio ugawaji wa tabaka la saba, yaani tabaka la programu. Tena muuguzi huyo huchungulia kila baada ya sekunde chache kuona kama daktari yupo. Seva iliyozimia haipelekewi mtu mpaka izinduke.

Wapo watakaosema kwamba hata mataifa makubwa huanguka. Ni kweli, na kuanguka kwao kunafundisha. Tarehe 1 Oktoba 2013 Marekani ilizindua HealthCare.gov, tovuti ya kununulia bima ya afya kwa wakazi wa majimbo 36. Siku ya kwanza walifanikiwa kujiandikisha watu 6. Maofisa wa huko nao walianza kwa kutaja wingi wa wageni. Baadaye yakaonekana mengine: programu zilikuwa na kasoro, majaribio hayakutosha, na hata aliyetaka kutazama bei tu alilazimishwa kwanza kufungua akaunti. Mtazamaji na mnunuzi walisukumwa katika mlango mmoja mwembamba. Seva zikaongezwa, kasoro zikarekebishwa, watazamaji wakapewa njia yao, na mwanzoni mwa Desemba serikali ikatangaza kwamba tovuti inaweza kuhudumia watu 50,000 kwa wakati mmoja. Tovuti haikupona kwa kuwaomba wananchi wapungue.

Tutaambiwa nchi ni maskini. HAProxy, iliyoanzishwa na Mfaransa Willy Tarreau mwaka 2001, na nginx, iliyotolewa na Mrusi Igor Sysoev mwaka 2004, ni programu huria. Zote mbili hugawa maombi katika tabaka la saba, na anayezitaka huzipakua bila kulipia leseni. Kinachogharimu ni mtaalamu wa kuzipanga na muda wa kuzijaribu. Wataalamu tunao: kila mwaka tunawahitimisha vijana wenye ujuzi huo, na baadhi yao ndio wanaokesha wakijaribu kutuma maombi ya kazi katika tovuti ambazo wangeweza kuzitengeneza.

Sisemi kwamba ugawaji ni dawa ya kila ugonjwa. Ikiwa seva kumi zinachota katika hifadhidata moja iliyozidiwa, foleni itahamia nyuma tu. Tena mgawaji anayesoma ombi sharti kwanza alifungue, hata kama lilisafiri limefumbwa. Basi amekuwa mtunza siri za watu, na kazi hiyo haifai kukabidhiwa mzabuni yeyote anayepita. Hizo ni sababu za kuajiri watu makini. Haziwi sababu za kukaa bure.

Na hapa ndipo ulipo ubishi wangu hasa. Mzigo lazima ubebwe na mtu. Taasisi isipougawa kwa seva zake, huugawa kwa wananchi. "Jaribuni usiku" maana yake ni kwamba mwombaji ndiye aliyegeuzwa kuwa mgawaji: akae macho hadi saa tisa, anunue bando jingine, ajaze fomu ile ile mara ya tano. Mwenye kompyuta na intaneti nyumbani ataweza. Binti wa kijijini anayetegemea duka la steshenari mjini, linalofungwa saa kumi na mbili jioni, hataweza. Ugawaji umefanyika, lakini kwa kipimo cha mfuko. Na siku ya kufunga dirisha tutaelezwa kwamba nafasi ilikuwa sawa kwa wote.

Taasisi ya umma inayofungua dirisha la maombi na itamke hadharani mambo mawili kabla ya siku ya kwanza: mfumo wake umejaribiwa kwa watumiaji wangapi kwa pamoja, na siku ngapi zitaongezwa ukianguka. Ikiwa haina majibu, basi haijawa tayari kufungua dirisha hilo, na isitulaumu kwa wingi wetu. Naam, tu wengi. Ndiyo maana ikaitwa taasisi ya umma.