Paja Halijui Kuigiza

Vijana wenzangu, nasema waziwazi: picha zetu zimejaa wanawake, lakini waigizaji wa kike hatuwaoni. Tunaona mapaja.

Nani anabisha? Huku kwetu Vidunda, shuka mlima mpaka Kidodi, endelea mpaka Mikumi penye barabara kuu, kila kibanda cha video utamkuta dada yule yule ukutani. Enzi za kanda alikuwa kwenye kava, zikaja sidii naye yumo, leo kahamia kwenye kioo cha simu. Kigauni kifupi, mgongo kaupinda, mdomo nusu wazi. Pembeni yake jamaa kavaa suti, kakunja uso, anafikiri. Yaani jamaa kapewa akili, dada kapewa kiuno! Ndani ya picha ndiyo usiseme: dada ni mchuna mabuzi, au hawara, au mke wa kulia tu. Halafu mtu anatoka kibandani anasema, "Yule demu hajui kuigiza." Aigize nini, bwana, na hakuandikiwa kitu?

Hapo wazee wetu watadakia: sawasawa, wafunikwe! Shikamooni wazee, lakini hapo mie simo. Mwili si aibu. Nimewaona mama zetu ngomani, kiuno kinazunguka, na watu wanawatunza. Mcheza ngoma anasifiwa kwa kuwa anajua: anaisikiliza ngoma, anaijibu, anaigeuza. Kiuno chake kina kichwa. Kamera zetu ndizo zinazochukua kiuno zikaacha kichwa nje. Na lawama zikija zinamwangukia dada peke yake; aliyeandika, aliyepiga picha na aliyeuza wanakula kuku kwa mrija.

Wengine wanasema eti soko ndilo linalotaka hivyo. Basi itazameni Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya mwaka 2001. Amandina Lihamba ni Samehe, mgonjwa aliyejifungia katika ukimya. Kigauni hana, maneno ni haba, na bado huwezi kuyaondoa macho usoni pake. Hata kimya chake kina sababu. Picha hiyo Tanzania iliipeleka Marekani kuwania Oscar. Mwaka 2021 ikaja Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ikaonyeshwa hadi Toronto. Mapenzi yamo, tena tele. Lakini Yasmin, anayeigizwa na Ikhlas Gafur Vora, anaikimbia ndoa asiyoitaka, anapenda, anaamua. Penzi halikumfuta.

Sasa nageukia kwetu sisi tunaojiita waandishi. Dada hajipachiki mwenyewe kwenye picha. Kuna mtu alikaa na kalamu akaandika "anaingia msichana mrembo", akaishia hapo. Uvivu huo! Penina Muhando alizaliwa Berega, hapa hapa Kilosa, mwaka 1948. Mwaka 1982 alitoa tamthilia ya Nguzo Mama, ambamo wanawake wa kijiji wanahangaika kuisimamisha nguzo. Wanabishana, wanakwama, kila mmoja na lake. Jukwaa limejaa wanawake wenye la kusema, na mwigizaji akipewa nafasi kama hiyo, kipaji chake hakina pa kujificha. Mtoto wa Kilosa kayafanya hayo wengi wetu hatujazaliwa. Sisi tunashindwa nini?

Kwa hiyo, mshikaji, kabla hujaupeleka mswada wako kwa mtengeneza picha, ufanyie jaribio moja. Futa kila mstari unaoeleza umbo la dada: macho, kifua, miguu, yote. Kisha soma kilichobaki. Ukimkuta bado yupo, anataka kitu, anaogopa kitu, anamjibu mtu, basi umeandika. Ukikuta ukurasa mweupe, usimcheke dada wa ukutani pale kibandani. Asiye na kipaji ni wewe.