Barua ya Wazi kwa Mbunge Wetu: Ardhilhali Yetu Iliishia Wapi?

Mheshimiwa Mbunge,

Ningependa tuzungumze ofisini, kama wanavyozungumza mbunge na mpiga kura wake. Barua nilizoleta kwa mkono zilipigwa muhuri wa kupokelewa, na muhuri ndio jibu pekee nililorudi nalo. Ndiyo maana leo nakuandikia mbele ya watu.

Unanijua. Mimi ndiye mwalimu niliyeandika ardhilhali ya wakazi wa kijiji chetu, tukakukabidhi mbele ya wazee na kina mama, ukaahidi kuiwasilisha katika Bunge la Kitaifa. Sina haja ya kukusimulia habari za ardhi ya Pwani. Unajua jinsi sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilivyowapa wachache karatasi na kuwaacha wengi wakiitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Umelizungumzia jambo hilo katika kila kampeni, na ndilo lililokupa kura zetu.

Lakini sikukusikia ukitamka hili, kwa hiyo nalitamka mimi: nyumba ya mamangu imebomolewa. Ilijengwa kidogo kidogo kwa pesa za maandazi aliyouza miaka mingi, na mwisho kwa mkopo wangu wa sacco ambao bado nakatwa kwenye mshahara. Tingatinga halikuuliza pesa zilitoka wapi. Minazi nayo imekatwa, na watoto wa majirani wamehamishwa shule.

Notisi ilipokuja, wazee walikufuata. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka notisi ya angalau miezi 3 kabla ya mtu kuondolewa kwenye ardhi ya mwingine, na inamruhusu aliyepewa notisi kwenda mahakamani kuipinga. Tulikuwa tumeanza kuchanga pesa za wakili. Wewe ukasimama kwenye mazishi, kipaza sauti mkononi, ukatuambia suala letu liko Bungeni, kamati inalishughulikia, tusipoteze pesa zetu, tutulie.

Tukatulia. Muda wa notisi ukaisha tukiwa tumetulia, na nyumba ya mamangu ikabomolewa.

Baada ya hapo nikaanza kukufuatilia. Bunge la Kitaifa hukaa Jumanne alasiri, Jumatano asubuhi na alasiri, na Alhamisi alasiri, na kila neno linalosemwa humo huandikwa katika Hansard. Nimesoma kumbukumbu za vikao vyote tangu siku ile uliyoipokea karatasi yetu. Ardhilhali zina nafasi yake katika ratiba ya kila kikao, mapema kabisa, kabla ya hoja na maswali, kwa hiyo si jambo linaloweza kufichika katikati ya mjadala. Nilisoma za watu wa kaunti nyingine: za maji, za walimu, za mashamba. Wabunge wao walizisoma kwa majina ya vijiji. Yetu haimo.

Jina lako nililikuta. Umewakaribisha wanafunzi waliokuja kutembelea Bunge. Umetoa rambirambi. Umeunga mkono hoja ya barabara kwa maneno machache. Sikuona neno lako hata moja kuhusu ardhi, katika kipindi chote ambacho kijiji kizima kilikuwa kinangoja neno hilo.

Najua wasaidizi wako watasema nini. Watasema kazi kubwa ya mbunge hufanyika kwenye kamati, na anayehesabu maneno ya ukumbini peke yake anamwonea. Katika mambo mengine nakubali. Mbunge anayesoma ripoti za ukaguzi mpaka usiku anaweza kuwa na manufaa kuliko anayesimama kila siku kupongeza na kushukuru, na hata alama zinazotolewa na taasisi zinazofuatilia kazi ya wabunge, kama Mzalendo, hazimalizi habari yote ya mbunge. Lakini ardhilhali ina njia yake. Lazima kwanza itajwe ndani ya ukumbi, na Spika au na mbunge aliyeibeba, ndipo ipelekwe kwenye kamati. Isiyotajwa ukumbini haijafika kwa kamati yoyote. Kwa hiyo uliposema pale mazikoni kwamba kamati inaishughulikia, ulikuwa unatuambia jambo ambalo halikuwepo.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali Bungeni, na sheria ya mwaka 2012 inayoeleza utaratibu wake inamruhusu raia aipeleke mwenyewe kwa Karani wa Bunge. Hatukulazimika kupitia kwako. Tulikuja kwako kwa sababu tulikuamini. Kama ungetuambia huna nafasi, au jambo hili linakuletea matatizo na wenye hati, tungeipeleka wenyewe. Tungekwenda mahakamani. Kukataa kwako kungetuachia milango hiyo wazi. Ahadi yako ilitufungia yote, na nyumba ya mamangu ikabomolewa huku tukikungoja.

Mheshimiwa, mimi ni mtu wa upinzani. Nilikuchagua ukiwa mpinzani na sikuona haya kulisema hilo katika chumba cha walimu. Kwa mawazo yangu, mbunge wa serikali ana mawaziri wa kuwapigia simu. Mbunge wa upinzani ana sauti yake na kumbukumbu ya Bunge, na Ibara ya 117 ya Katiba inamlinda aseme humo bila hofu. Sauti hiyo ndiyo mali yake yote. Mpinzani anayenguruma kwenye mikutano ya hadhara na kunyamaza ukumbini ametuachia nini?

Wala usidhani ni wewe peke yako. Bunge la Kitaifa lina wabunge 349 mbali na Spika, na Katiba inaruhusu kikao kuendelea kukiwa na 50. Maana yake sheria inayomhusu kila Mkenya inaweza kujadiliwa viti vingi vikiwa vitupu, na sisi tuliowapeleka watu kwenye viti hivyo tusijue. Maamuzi mengi hupitishwa kwa sauti za ndio na la, wala hakuna majina yanayoandikwa. Mbunge anaweza kupiga kelele ya ndio Jumatano alasiri, na Jumapili akatuambia kanisani au baada ya swala kwamba alipinga. Ni nani atakayemsuta?

Tuliona mara moja kinachotokea majina yanapojulikana. Tarehe 20 Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipofika hatua ya kusomwa mara ya pili, kura ziliandikwa kwa majina: 204 waliunga mkono na 115 walipinga. Orodha ikafika kwenye simu zetu. Kila mpiga kura akatafuta jina la mbunge wake, na waheshimiwa ambao hawakuwa wakipokea simu wakaanza kujieleza. Tarehe 25 Juni, wabunge 195 waliupitisha na 106 wakaupinga, na siku hiyo vijana walioandamana kuupinga walipigwa risasi barabarani. Siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Wakenya waliulipia kwa damu ujuzi wa nani alisema nini. Haifai ujuzi huo uwe wa siku moja tu katika kipindi kizima cha miaka 5.

Na tangu Rais Ruto na aliyekuwa kiongozi wa upinzani, Raila Odinga, walipotia sahihi makubaliano yao tarehe 7 Machi 2025, hata kujua nani ni mpinzani kumekuwa kazi. Mtu anapinga asubuhi na kushirikiana jioni. Sisemi ushirikiano ni dhambi. Nasema kadiri mipaka ya vyama inavyofifia, ndivyo kumbukumbu ya Bunge inavyozidi kuwa kipimo pekee kilichobaki cha kumjua mbunge ni wa nani. Upinzani wote unapaswa kulisikia hili. Mnailaumu serikali kwa kuficha, na nyinyi wenyewe hamtuonyeshi mnachofanya ndani ya jengo tulilowapeleka.

Katiba inasema katika Ibara ya 104 kwamba wapiga kura wana haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muda wake kwisha. Sheria ya kuitumia haki hiyo iliwekewa vikwazo vingi hivi kwamba Mahakama Kuu ilikataa sehemu zake mwaka 2017, na haki yenyewe imebaki karatasini. Kwa hiyo kati ya uchaguzi mmoja na mwingine hatuna nguvu nyingine juu yako isipokuwa kujua unachofanya. Ukituficha hicho, umetunyang'anya kila kitu.

Kwa hiyo nakuomba, na ombi hili ni la watu wote waliotia sahihi ile karatasi.

Kwanza, tuonyeshe barua ya kuipeleka ardhilhali yetu kwa Karani wa Bunge, yenye tarehe. Kama haipo, sema haipo, mbele ya wazee walewale.

Pili, rudisha karatasi yetu yenye sahihi. Ni mali yetu, na wako walioitia kidole ambao sasa wametawanyika hawapatikani tena.

Tatu, kila mwezi bandika kwenye mlango wa ofisi yako ya eneobunge maelezo ya kazi yako: vikao ulivyohudhuria na ulivyokosa, kamati ulizokaa, ulichosema kwa niaba yetu, na jinsi ulivyopiga kura hata pale kura ilipopigwa kwa sauti. Andika kwa Kiswahili. Ni lugha rasmi ya Bunge na ndiyo tunayoisoma.

Nne, simama ukumbini uitaje kesi ya kijiji chetu kwa jina lake. Nyumba zilizobaki zimekwisha kupewa notisi, na safari hii muda haujaisha.

Hatutakungoja. Ardhilhali mpya imeandikwa na inapelekwa kwa Karani na sisi wenyewe, na mchango wa wakili umeanza upya. Nawasihi wakazi wa maeneo mengine yote wafanye vivyo hivyo: mkimpa mbunge karatasi, bakini na nakala, mwombeni tarehe ya kuiwasilisha, kisha someni Hansard ya siku hiyo. Msitulie kwa sababu mheshimiwa amewaambia mtulie.

Nyumba ya mamangu imebomolewa, Mheshimiwa, na katika kumbukumbu za Bunge hakuna mstari mmoja unaoonyesha kwamba ulijaribu kuizuia.

Wako,
Mwalimu na mpiga kura wa eneobunge lako