Pampu Ikipungua Nguvu: Acheni Kuzika Mashine Iliyo Hai

Leo siongelei mbegu wala mbolea. Naongelea sentensi inayonichosha kuliko zote katika kazi hii: "Bwana shamba, mashine imekufa."

Pampu nyingi za petroli ninazoonyeshwa kama zimekufa, ziko hai. Tunazizika sisi wenyewe kwa pupa, kwa mafuta machafu na kwa kumkimbilia fundi wa kufungua injini kabla ya kuangalia vitu vya nje ambavyo hata mtoto wa darasa la saba angeviona.

Naanza na kosa langu. Kikundi kimoja kilinieleza kwamba pampu yao inawaka vizuri, inafanya kazi kama dakika ishirini, kisha inalegea na kuzima. Nilisikiliza, nikatikisa kichwa, nikawashauri wanunue mpya. Waliuza mbuzi wakanunua. Ile ya zamani aliichukua kijana mmoja kwa bei ya chuma chakavu. Alichofanya ni kuzibua kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi, kilichokuwa kimejaa vumbi na mafuta. Mpaka leo anamwagilia nayo. Wale mbuzi hawajarudi, na kila nikipita pale naona aibu.

Sababu ni rahisi. Petroli ikitoka kwenye tangi, hewa lazima iingie mahali pake. Kitundu kikiziba, mafuta hayashuki na injini inakosa chakula. Mwenye boti ya injini kule Ziwa Victoria analijua hili. Akisahau kulegeza skrubu ya hewa kwenye tangi lake, boti inaondoka ufukweni vizuri, halafu inalegea katikati ya maji. Sisi shida ikitupata tuko nchi kavu, basi hatujifunzi.

Kwa hiyo, kabla hujasema imekufa, fuata mpangilio huu.

1. Sikiliza kwanza. Je, injini imelegea, au ni maji yamepungua? Hayo ni mambo mawili. Injini ikinguruma kama kawaida lakini maji yanatoka kidogo, usiguse injini. Kagua mpira wa kunyonyea: unavuta hewa kwenye maungio? Chujio la mwisho limeziba kwa majani? Pampu imewekwa juu mno? Kutoka usawa wa maji hadi kwenye pampu, kimo kisizidi mita 5.

2. Mafuta. Injini ikilegea, izime, iache ipoe, kisha legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikinyonywa kuingia ndani, na ukiwasha tena nguvu zimerudi, mchawi ni kitundu. Kama sivyo, mimina petroli kidogo kwenye chupa safi inayoonyesha, iache itulie. Maji hukaa chini, na uchafu utauona. Kisha dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka bila kuacha doa la mafuta. Fanya hayo mbali na moto na sigara.

3. Hewa. Fungua chujio la hewa. Kwa vumbi letu usisubiri saa 50 za kazi zinazoandikwa kwenye vitabu vya injini hizi. Likague kila siku ya kazi. Moshi mweusi na ulaji mkubwa wa mafuta ni dalili kwamba injini inakabwa.

4. Plagi. Ikiwa nyeusi na ina masizi, isafishe. Mwanya wake kwa injini nyingi za aina hii ni milimita 0.7 hadi 0.8.

5. Oili. Injini ya HP 5.5 hubeba kama lita 0.6 tu. Ni kidogo, kwa hiyo huchoka haraka. Mashine mpya ibadilishwe oili baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100. Na usichanganye oili na petroli kwenye injini ya mipigo minne eti "iwe laini".

Ukimaliza yote matano na bado inalegea, au inatoa moshi wa bluu, au kamba inavutika bila ukinzani wowote, hapo mwite fundi. Hapo ana kazi ya haki: ringi, valvu, gasketi.

Najua utaniambia: "Zamu yangu ya maji ni leo, sina muda wa kukagua." Ndugu yangu, Wabatemi wamemwagilia kwa mifereji ya chemchemi na kugawana maji kwa zamu tangu kabla ya mashine yoyote kufika Digodigo. Anayejua thamani ya zamu kuliko sisi ni nani? Ndiyo maana nasema: ukaguzi huu hauchukui nusu saa. Safari ya kufuata kipuri Karatu au Arusha inakula siku nzima na zaidi, na zamu yako haikusubiri.

Wengine wanasema mashine za siku hizi ni feki. Zipo mbovu, sikatai. Lakini kumbuka pia kwamba injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Ikifika Karatu mjini, hata mpya kabisa imeshaacha njiani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Usiinyime na hewa safi tena.

Sasa wewe muuza petroli ya chupa. Serikali kupitia EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kupambana na uchakachuaji. Lakini kinasaba hakizuii maji kuingia kwenye dumu lako lililokuwa na maji jana, wala mchanga wa barabarani. Tenga dumu la petroli peke yake, lifunike, tumia faneli yenye chujio. Mteja wako akikosa mavuno, msimu ujao atanunua petroli kwa nini?

Na wewe fundi unayeanza na spana kabla ya kuuliza swali: fundi mzuri huanzia nje. Ukifungua kabureta ya mtu bila kuangalia kifuniko cha tangi, umemtoza ujinga wako.

Mkulima, mashine ikilegea kesho asubuhi, usiniite kwa maneno "imekufa". Niambie: "Nimekagua matano, nimekuta hivi." Hapo tutaongea kama watu wenye shamba la kuokoa.