Jamvi Kubwa Haliongezi Karafuu

Ndugu Wanachama,

Twapenda kuwakumbusha kwamba katika mkutano mkuu ujao litaletwa mbele yenu shauri la kununua ruta kubwa za intaneti, moja kwa kila tawi, kwa fedha za akiba ya Chama. Ruta, kwa asiyeijua, ni kile kisanduku chenye vijiti ambacho hupokea intaneti mahali pamoja kisha kikaigawa nyumba nzima bila waya. Wanachama wengi nao wametujia ofisini kutuuliza wanunue ipi kwa nyumba zao. Twaomba ruhusa tuseme maoni yetu mapema, kwanza kwa sababu fedha hizo ni jasho la mchumaji, na pili kwa sababu sisi wenyewe tumekwisha kukosea mara moja katika jambo hili.

Mwaka juzi tulinunua ruta ya ofisi. Tuliichagua kwa macho. Ilikuwa na vijiti sita vimesimama kama pembe, na juu ya boksi lake pameandikwa tarakimu kubwa. Muuzaji alitusifia sana, nasi tukasahau waliyosema wazee, kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa muda wa miezi mitatu intaneti ya ofisi ilikuwa ile ile ya zamani, na usiku mmoja wa mvua umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu nyingi, na ruta ikaungua. Hasara hiyo imo katika daftari la Chama, na lawama ni yetu.

Tulipata kulielewa kosa letu mbali na hapa, huko Bukoba na Muleba katika mkoa wa Kagera, tulikokwenda baada ya msimu wa vuli kuwazuru wakulima wa kahawa. Huko mgeni hukaribishwa kwa punje za kahawa za kutafuna, nasi tulikaribishwa vizuri mno. Mtu wa kisiwani huenda akadhani Kagera hakufanani na kwetu, lakini kufanana kupo. Sisi umeme wetu wa Pemba, tangu mwaka 2010, waja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Wao kwa miaka mingi umeme wao ulitoka ng'ambo ya mpaka, Uganda. Sisi tuna mikarafuu iliyozunguka nyumba, wao wana migomba. Mvua kwao ni nyingi na radi za Ziwa Viktoria ni kali. Basi mambo yanayosumbua intaneti yao ndiyo yanayosumbua ya kwetu.

Nyumba ya kwanza tuliyofikia ilikuwa Bukoba mjini, kwa mwalimu mmoja mstaafu. Mwanawe yuko Maskati, na kila Ijumaa baada ya sala humpigia simu ya picha. Mzee alituambia kwa huzuni kwamba kila mara sauti hukatika mwanawe akiwa katikati ya maneno, na kwamba amekwisha kuweka fedha kando kununua ruta kubwa zaidi. Tukaomba kuiona ile aliyokuwa nayo. Ilikuwa ndani ya kabati, nyuma ya televisheni, kabati lina mlango wa chuma na limefungwa kwa ufunguo kwa kuogopa watoto. Mjukuu wake akaitoa, akaiweka juu ya rafu katikati ya nyumba, mbali na chuma na mbali na ukuta mnene. Ijumaa ile mzee alizungumza na mwanawe akiwa amekaa barazani, dakika arobaini bila kukatika. Fedha aliyoweka kando ilibaki mfukoni.

Nyumba ya pili ilikuwa Kamachumu, wilaya ya Muleba, katikati ya shamba la migomba na mibuni. Mwenyeji wetu ana binti aliyemaliza kidato cha sita. Maombi ya chuo na ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupelekwa kwa intaneti, na yana siku ya mwisho. Baba akauza magunia ya kahawa, akanunua ruta ya fahari. Ilipofika nyumbani ikaonekana kwamba haina mahali pa kutia laini. Ilikuwa ni ruta ya kuunganishwa na waya wa faiba, na waya huo haufiki shambani kwake. Kweli Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umepita Kagera hadi mpaka wa Mutukula, lakini mkongo kupita barabarani si mkongo kuingia sebuleni. Ruta ile ikawa pambo. Siku ya mwisho binti alipanda kilimani usiku na simu ndogo, mama yake amemshikia mwavuli, na maombi yakapita ikiwa imekaribia saa sita. Angalichelewa kidogo tu, angalipoteza mwaka mzima. Baadaye ruta ya fahari iliuzwa kwa hasara, ikanunuliwa ndogo ya kutia laini, nayo ndiyo tuliyoikuta ikifanya kazi dirishani.

Tulipokuwa twarudi tulifikiri sana habari za nyumba hizi mbili pamoja na ofisi yetu, tukaona kwamba kosa lilikuwa moja. Sote tulidhani ruta huleta intaneti. La hasha. Ruta hugawa kile kinachoingia. Mwenye kutandaza jamvi kubwa uwanjani haongezi hata pishi moja ya karafuu, kwani karafuu zatoka mtini. Jamvi dogo kwa mavuno mengi ni kosa, lakini jamvi kubwa kwa mavuno haba ni ufahari.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutazama kinachoingia. Kama faiba inafika mlangoni pako, nunua ruta ya faiba. Kama haifiki, huna budi kutumia ruta ya kutia laini, inayopokea kutoka mnarani kama simu ipokeavyo. Kabla hujatoa shilingi, chukua simu, azima laini za makampuni mbalimbali, ujaribu kila moja mahali pale pale utakapoiweka ruta. Jaribu asubuhi, jaribu mchana, na hasa jaribu baina ya saa mbili na saa nne usiku, kwa sababu wakati huo watu wengi wamo mnarani pamoja nawe. Laini inayomfaa jirani wa bondeni huenda isikufae wewe wa kilimani. Uliza pia kama ruta imefungwa kwa kampuni moja au inakubali laini zote. Iliyofungwa huuzwa rahisi, lakini siku mnara wa kampuni hiyo ukidhoofika huna pa kukimbilia.

Jambo la pili ni ile tarakimu ya boksini. Ruta nyingi za leo hutumia mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya 5 ni ya mbio zaidi lakini huchoka upesi. Boksi likiandikwa 1200, mara nyingi maana yake wamejumlisha uwezo wa aina zote mbili, kama 300 za kwanza na 867 za pili, tena huo ni uwezo wa karatasini. Ikiwa kutoka mnarani zaingia megabiti 10 kwa sekunde, basi utagawa hizo 10, boksi liseme litakavyo. Wingi wa vijiti nao si kipimo cha nguvu. Nyumba ya vyumba vitatu au vinne yatosheka na ruta ya kawaida yenye mawimbi yote mawili.

Jambo la tatu ni mahali. Ruta ya laini yapenda dirisha linaloelekea mnarani, na mahali pa juu. Majani yaliyolowa maji hunyonya mawimbi, na mgomba umejaa maji toka shinani hadi kileleni, ndiyo maana watu wa Muleba huona tofauti mvua inaponyesha. Mikarafuu yetu mizito nayo si rafiki wa mawimbi. Ukuta wa mawe na chokaa, bati, kabati la chuma na tangi la maji vyote huzuia.

Jambo la nne ni umeme, nalo ndilo lililotuunguza sisi. Ruta hula umeme kidogo sana. Yenye kula wati 10, ikiwaka usiku na mchana, haifiki uniti 8 kwa mwezi. Kwa hiyo kuipatia akiba si kazi kubwa. Yule mkulima wa Kamachumu anatumia betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, na ruta yake huendelea saa tano au sita umeme ukiwa umekatika. Lakini tazameni volti iliyoandikwa kwenye ruta, kwani ziko za 12, za 9 na za 5, na betri inapochajiwa hupita volti 12, kwa hiyo yataka kifaa cha kusawazisha katikati. Fundi anajua. Kadhalika muwe na kinga ya umeme unaorudi kwa nguvu, na radi ikianza kunguruma, chomoeni soketini. Hakuna kinga ishindayo kuchomoa.

Jambo la tano ni amana. Ruta inakuja na neno la siri la kiwandani ambalo mtu yeyote aweza kulijua. Libadilisheni siku ile ile, na lile la kuingilia katika mipangilio pia. Chagueni ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ulizeni kama kifaa kimethibitishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na shikeni risiti yenye dhamana. Ruta ya mtumba ambayo kiwanda kimeacha kuitengenezea programu mpya ni kama ghala lisilo komeo.

Na tukumbuke kwamba ziko siku kosa halimo nyumbani kabisa. Waya wa Seacom ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na wa EASSy ukafuata mwaka 2010, nazo zote zimepita chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania nzima na katika nchi jirani. Jirani wa yule mwalimu wa Bukoba alidhani ruta yake imekufa, akanunua nyingine siku ya pili yake. Mpya nayo ikakaa kimya kama ya zamani. Basi kabla ya kulaumu ruta, muulize jirani.

Twajua wako watakaosema, Katibu ametiwa hofu na hasara yake, na kwamba rahisi ni ghali. Maneno hayo yana haki yake. Hatusemi tununue kitu duni kikatufia mkononi. Tena tawi lenye jengo kubwa, lenye faiba mlangoni na watu ishirini wakitumia kwa pamoja, lina haja ya ruta kubwa, nasi tutakuwa wa kwanza kuliunga mkono. Tunachokataa ni kununua kwa kila tawi kitu kimoja, kwa kuwa tu kinang'aa, bila ya kujua tawi gani lina faiba, lipi lina mnara karibu, na lipi hukatikiwa umeme mara tatu kwa juma.

Kwa hiyo shauri letu kwa mkutano ni hili. Kila tawi lichague kijana mmoja mwenye simu, apime kwa muda wa siku saba, kila laini, asubuhi, mchana na usiku, na kuandika katika daftari. Daftari hizo ziletwe kwa Kamati, ndipo tununue kwa kila tawi kilicho kadiri yake, pamoja na betri na kinga yake. Fedha itakayobaki, nasi twaamini itabaki, irudi katika akiba. Mali bila ya daftari huisha bila ya habari, na sisi wakulima wa karafuu tulilijua hilo kabla ya intaneti kuzaliwa.

Yule binti wa Kamachumu alitusindikiza hadi barabarani siku ya kuondoka. Tulimwuliza angependa tuwaambie nini watu wa kisiwani. Akacheka, akasema, "Waambieni wapime kwanza, wasije wakapanda kilima usiku kama mimi." Nasi ujumbe wake tumeufikisha.

Wasalaam,

Katibu wa Chama