Kabla Meli Haijang'oa Nanga, Wahesabu Watoto

Ndugu msomaji, kama wewe ni mkazi wa Kariakoo, au hata kama ni mpita njia tu unayefuata mahitaji yako sokoni, bila shaka umekwisha kukanyaga visiwa vitatu kwa siku moja bila ya kulowa miguu. Upo Mtaa wa Mafia, upo Mtaa wa Pemba, na upo Mtaa wa Likoma, ambao umepewa jina la kisiwa cha Ziwa Nyasa. Watoto wetu huipita mitaa hiyo kila siku wakienda shule au wakitumwa dukani, na walio wengi hawajapata kupanda chombo cha majini isipokuwa pantoni la Kigamboni. Na tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 1916 na miaka mia juu yake, yaani 2016, wako hata wasiolijua pantoni lenyewe.

Ni haki kabisa, basi, kwa familia iliyojibana mwaka mzima kutamani kwenda Unguja au Pemba shule zinapofungwa, na kuifanya safari yenyewe kuwa sehemu ya mapumziko. Wenye uwezo katika nchi za ng'ambo hupumzika ndani ya meli juma zima au mawili. Meli hizo hubeba watu elfu kadhaa. Zina mabwawa ya kuogelea, kumbi za sinema na michezo ya kuigiza, na viwanja vya watoto. Mara moja moja huonekana zikitia nanga Zanzibar au hapa kwetu, nasi husimama pale Kivukoni tukizishangaa kama ghorofa zinazoelea. Lakini huenda msomaji hakujua kwamba kiwanda cha Meyer Werft cha Papenburg, Ujerumani, ambacho siku hizi kinajulikana kwa kuunda meli kubwa za anasa, ndicho kilichounda Liemba ya Ziwa Tanganyika mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha, ikaletwa Dar es Salaam, ikasafirishwa kwa reli kuelekea Kigoma, na huko ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Kwa hiyo sisi na meli hizo tuna ujamaa wa mbali.

Sizitaji meli za matajiri ili tuzitamani. Nazitaja kwa sababu ya jambo moja. Abiria wa meli hizo, aliyelipa fedha nyingi na ambaye roho yake imo katika bwawa na muziki, haachiwi aanze starehe mpaka amefanya zoezi. Huoneshwa mahali pa kukusanyika king'ora kikilia, huoneshwa namna ya kuvaa jaketi la kuokolea, na jina lake huhakikiwa. Zamani sheria ya kimataifa iliruhusu zoezi hilo lifanyike ndani ya saa 24 baada ya abiria kupanda. Tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba katika pwani ya Italia saa chache tu baada ya kung'oa nanga, na wako abiria wapya waliokuwa hawajafanya zoezi lolote. Watu 32 walikufa. Tangu mwaka 2015 sheria inataka zoezi lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka.

Mwaka huo huo wa 2012, tarehe 18 Julai, boti ya Skagit iliondoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar ikiwa na watu wapatao 290, wakiwamo watoto. Upepo ulikuwa mkali na bahari imechafuka. Boti ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, mahali ambapo msafiri huanza kukusanya mizigo yake akijua kwamba amekwisha kufika. Miezi kumi tu kabla ya hapo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilikuwa imezama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, siku kama kumi baada ya Idi el Fitri. Meli ile iliandikishwa kuchukua watu wasiofika 700. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba walikuwamo zaidi ya 2,000. Miili 203 ilipatikana. Zaidi ya watu 1,000 hawakuonekana tena, na orodha ya abiria haikulingana hata kidogo na watu waliokuwamo.

Nayaeleza haya katika ukurasa wa familia kwa makusudi. Ukaguzi wa vyombo una wenyewe: Bara lipo Shirika la Uwakala wa Meli, na Zanzibar ipo Mamlaka ya Usafiri Baharini. Tuwaachie kazi yao, tena tuwadai waifanye. Lakini zipo kazi ambazo hakuna mkaguzi awezaye kumfanyia mzazi, na ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kila mtoto ameandikwa.

Tunajuana, ndugu msomaji. Tiketi za familia ya watu saba si fedha ndogo. Ndipo tunapoanza kusema kwamba huyu tutampakata, yule tutapunguza umri wake, na mdogo kabisa ataingia chini ya baibui la shangazi. Mtoto huyo aliyepenyezwa anapita langoni na familia inacheka kwa kuwa imeokoa shilingi elfu kadhaa. Kumbe amekuwa abiria asiyekuwapo. Nahodha hamhesabu anapopima uzito wa chombo chake. Jaketi lake halimo katika hesabu. Na ikitokea shari, waokoaji hawatamtafuta kwa kuwa karatasi inasema hayupo. Mtoto mchanga ambaye hatozwi nauli naye aandikwe vile vile. Mwambieni karani wa tiketi jina lake, na mhakikishe kwamba ameliandika.

Tiketi ikatwe mapema, na ikatwe dirishani. Pale nje ya bandari, hasa siku za kuelekea sikukuu, hawakosekani walanguzi wenye tiketi mkononi na maneno matamu mdomoni. Tiketi ya mlanguzi aghalabu ina jina la mtu mwingine, na tumekwisha kuona jina lina kazi gani. Kila mtu mzima achukue kitambulisho chake.

Usiku wa kuamkia safari, kazi zikiisha, ikusanye familia nzima sebuleni au uani. Mgawane watoto kwa majina. Baba mwenye kusema, "Watoto wote wako na mama yao," hajagawa kazi, amekimbia. Mama ana mikono miwili. Ikiwa watoto ni wanne na bibi yupo, basi isemwe wazi: mama na mchanga, baba na wale wawili wa kati, kaka mkubwa na bibi, shangazi na aliyebaki. Kisha wafundishwe watoto kuvaa jaketi. Huna jaketi nyumbani, nami sina. Lakini kanga ipo. Jaketi nyingi huvaliwa kichwani au mabegani kama fulana, mikanda ikapitishwa kiunoni na kukazwa kwa mbele. Mfundishe mtoto kwa kanga kukaza fundo mwenyewe, na ufanye mchezo wa nani atakayemaliza kwanza. Watacheka sana, na wacheke. Asubuhi yake, mkishaketi melini, mchezo huo huo ufanyike kwa macho: majaketi yako wapi, mlango wa karibu uko upande gani, na mabaharia wa kuwauliza ni wepi.

Sasa tuingie jikoni, maana hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Iko desturi kwamba msafiri hana budi kushiba. Nimewaona watu wakinywa supu ya kongoro alfajiri, chapati mbili juu yake, kisha wakapanda boti mwezi wa Julai. Hakuna dua itakayowasaidia. Bahari humlevya mtu kwa sababu sikio la ndani linaambia ubongo kwamba mwili unayumba, ilhali macho yaliyokazwa kwenye simu au kwenye kiti cha mbele yanasema kwamba umetulia. Ubongo unapokosa kujua ushike neno la nani, tumbo ndilo linalolipa. Kwa hiyo mle kidogo saa moja au mbili kabla: ndizi mbivu, mkate mkavu, chai ya tangawizi isiyo na maziwa mengi. Ketini katikati ya chombo, maana omo na tezi ndiko kunakopanda na kushuka zaidi. Mtoto atazame mbali, pale bahari inapokutana na mbingu. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu vipo katika maduka ya dawa, lakini hufaa vikimezwa kabla ya safari, si baada ya mtu kuanza kutapika. Tena huleta usingizi, na mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe bila ya idhini ya daktari. Chukueni pia mifuko ya karatasi na kitambaa chenye maji. Ile mifuko ya plastiki tuliyoizoea ilipigwa marufuku Bara mwezi wa Juni 2019, na huko Zanzibar ilikuwa marufuku hata kabla ya hapo.

Kuhusu mizigo nitasema machache. Mtaa wa Kongo hauwezi kuhamia Pemba kwa siku moja. Zawadi za ndugu zisizidi mfuko mmoja, ili kila mtu mzima abaki na mkono mtupu wa kumshika mtoto.

Siku ya safari muwe bandarini saa nzima kabla. Kutoka Gerezani hadi Posta ya Zamani kwa mwendokasi si mbali, na wenye miguu yao wanaweza kushuka taratibu kwa Mnazi Mmoja.

Mkishaketi, na mkishafanya ule mchezo wa macho, starehe ianze. Boti ziendazo kasi huchukua muda wa saa mbili hivi mpaka Unguja, na ndani yake mna televisheni inayoonesha filamu. Mimi nasema filamu mnayo nyumbani. Ikiwa bahari imetulia na mabaharia wanaruhusu, watoeni watoto sitahani kwa zamu, kila mmoja akiwa ameshikwa mkono. Boti inapotoka, upande wa kushoto wataliona soko la samaki la Feri, kisha Ikulu. Upande wa kulia ni Kigamboni. Wengi wataiona Dar es Salaam kwa mara ya kwanza kutoka majini, na watashangaa ilivyo ndogo. Nje ya lango la bandari kuna visiwa vya Makatumbe na mnara wake wa taa. Baada ya hapo ni maji matupu, na ndipo kazi ya mzee wa familia inapoanza. Bibi aeleze kaskazi na kusi, na kwa nini majahazi ya zamani yalingoja miezi ili kurudi Arabuni. Watoto washindane kuhesabu ngalawa na matanga, na atakayemwona pomboo kwanza apewe ndizi ya ziada. Vitendawili navyo vina mahali pake. Kile cha popoo mbili zinazovuka mto, ambacho jibu lake ni macho, hunoga zaidi mtu akiwa juu ya maji. Mnara wa Chumbe, uliojengwa mwaka 1904, utakapotokea, mjue kwamba Mji Mkongwe haupo mbali. Wanaoendelea hadi Pemba wana saa nyingi zaidi, na mkondo wa Nungwi una nguvu. Watoto wakilala hapo msiwaamshe.

Nimeacha kwa makusudi jambo gumu kuliko yote. Likizo ya katikati ya mwaka huangukia wakati wa kusi, na sikukuu hujaza vyombo. Huenda mkafika bandarini, watoto wamevaa nguo mpya, ndugu wa Wete wamekwisha kuchinja, na mkaona kwamba chombo kimejaa mpaka watu wamesimama ngazini, au Mamlaka ya Hali ya Hewa imetangaza upepo mkali na bado mtu anawaambia, "Pandeni tu, tutafika." Hapo mkuu wa familia atasimama na tiketi mkononi, nauli imekwisha kulipwa, na macho ya watu wote yanamtazama yeye. Neno la kusema ni "hatupandi." Litaleta vilio, na huenda nauli isirudi yote. Ili lisemeke siku hiyo, lisemwe kwanza nyumbani, usiku ule wa kanga: kwamba tukikuta hali ni hivi, tutarudi Kariakoo, tutakula kile tulichofunga, na tutakwenda Unguja juma lijalo. Watoto walioambiwa mapema hulia kidogo tu. Shangazi ndiye atakayenung'unika zaidi, naye apewe kazi ya kuwapigia simu ndugu wa Wete.

Tiketi za kurudi zikatwe siku hiyo hiyo mnapokata za kwenda, na ikiwezekana muepuke siku mbili za mwanzo baada ya sikukuu. Wakati wa kushuka ngazi, yule aliyepewa watoto wawili ashuke na watoto wawili.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya sare za shule na fundi cherehani asiyetimiza ahadi.