Waanzilishi 28 wa Rochdale na kibaba cha haki

Mpenzi msomaji, kabla hujafungua kurasa za michezo, nakuomba uchukue karatasi ya mshahara ya baba au ya mama uitazame. Omba ruhusa kwanza, maana wazazi wengine huificha kama hirizi. Chini ya kodi ya serikali huenda ukaona pesa zilizokatwa kwa ajili ya chama cha akiba na mikopo, kile tunachokiita Sacco. Katika nyumba nyingi za mjini, pesa hizo ndizo zilizolipa karo ya shule ya upili, zikanunua ploti, au zikamlaza nyanya hospitalini bila ya familia kuuza ng'ombe.

Je, umewahi kujiuliza mpango huu ulianzia wapi? Kusaidiana kwenyewe hatukufundishwa na mtu. Wakikuyu walikuwa na ngwatio na Wakamba wana mwethya tangu zamani. Lakini zile kanuni tunazozisikia kila mwaka katika mkutano mkuu, yaani mwanachama mmoja kura moja, hesabu kusomwa mbele ya wote na ziada kugawanywa kwa haki, ukizifuata nyuma zitakufikisha katika mji mmoja wenye mvua na baridi kaskazini mwa Uingereza. Mji huo ni Rochdale.

Rochdale uko kama kilomita 16 kutoka Manchester, chini ya milima ya Pennines, kando ya mto uitwao Roch. Zamani ulihesabiwa katika jimbo la Lancashire. Tangu mwaka 1974 ni makao ya wilaya yenye jina hilo hilo katika eneo la Greater Manchester, wilaya inayokusanya pia miji kama Heywood, Middleton, Littleborough na Milnrow. Mgeni akifika leo huonyeshwa jumba la baraza la mji lililofunguliwa mwaka 1871, kubwa na la fahari kama kanisa kuu. Lakini jengo ambalo wageni kutoka pembe zote za dunia hulitafuta ni dogo na la kawaida mno. Ni nambari 31, barabara ya Toad Lane.

Tuurudie mwaka 1844. Kwa karne nyingi watu wa Rochdale walikuwa wakifuma sufi kwa mikono, hasa blanketi na kitambaa cha flana. Halafu mashine za mvuke zikaja, na ujira wa mfumaji ukaanza kuporomoka. Wafumaji wa flana walidai nyongeza, wakagoma, wakashindwa. Wakarudi nyumbani mikono mitupu kwa watoto wenye njaa.

Hata huo ujira mdogo ulipopatikana, dukani ulikuwa ukitoboka. Wafumaji wengi walinunua kwa mkopo, na mwenye deni hawezi kubishana na mwenye duka. Akiuziwa unga uliotiwa chaki au shabu ili uwe mweupe, hunyamaza. Akiuziwa majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakakaushwa na kufungwa upya, hunyamaza pia. Mizani ikipinda, atamwambia nani? Tena kulikuwa na matajiri wa viwanda waliowalipa wafanyakazi kwa bidhaa za duka la kampuni badala ya pesa taslimu. Sheria ya mwaka 1831 ilikataza mchezo huo, lakini haukukoma mara moja.

Ndipo watu wachache, baadhi yao wafumaji, wakaanza kuchangishana. Walitoza peni mbili kwa wiki, baadaye tatu, na wakusanyaji walipita mlango kwa mlango kuzichukua. Usizidharau peni hizo, maana nyumba nyingine kwa kweli hazikuwa nazo. Kila mmoja alitakiwa kufikisha pauni moja. Wazee wetu wanaikumbuka pauni ya shilingi 20, na hesabu ya Uingereza wakati huo ilikuwa hiyo hiyo. Vitabu vya historia vinawahesabu waanzilishi 28 na mtaji wa pauni 28. Oktoba 24, 1844, chama chao kilisajiliwa kwa jina la Rochdale Society of Equitable Pioneers, yaani watangulizi wa haki.

Walikodi ghorofa ya chini ya ghala moja kuukuu pale Toad Lane kwa pauni 10 kwa mwaka. Jumamosi jioni, Desemba 21, 1844, wakafungua duka. Bidhaa zote zilikuwa ratili 28 za siagi, ratili 56 za sukari, ratili 672 za unga wa ngano, gunia moja la unga wa oti wa kupikia uji, na mishumaa. Basi! Kiosko cha mtaani kwenu kina vitu vingi zaidi ya hivyo. Watoto wa viwandani walijazana nje wakipiga kelele na kuwacheka wazee wa kufuma waliojifanya wenye maduka, na wafanyabiashara wa mji wakangoja kuona duka likifa.

Halikufa. Na hapa, msomaji wangu, ndipo penye kiini cha habari. Kabla yao maduka mengi ya namna hiyo yalikuwa yamefunguliwa Uingereza, na mengi yakafungwa. Watu wa Rochdale wenyewe walikuwa wamejaribu katika miaka ya 1830, na duka lao likaanguka kwa sababu ya madeni. Nia njema walikuwa nayo hata wakati ule. Mara hii waliongeza kanuni zilizoandikwa, ambazo hata rafiki wa mwenyekiti hakuweza kuziruka.

Kanuni ya kwanza ilikuwa kulipa taslimu. Hakuna mkopo, uwe mwanachama au mgeni. Ilikuwa kanuni kali kwa maskini, lakini iliwavua pingu za daftari la madeni. Ya pili ilikuwa bidhaa safi na kipimo kilichojaa: unga uwe unga, na ratili iwe ratili. Ya tatu, kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa moja au hamsini. Ya nne, vitabu vya hesabu vikaguliwe na taarifa isomwe mbele ya wanachama. Ya tano, chama kisiulize mtu dini yake wala siasa yake.

Ya sita ndiyo iliyowavutia akina mama. Ziada ya biashara iligawanywa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mtu. Tuchukue mfano: mama amenunua vitu vya pauni nane katika miezi mitatu, na mgawo umetangazwa kuwa shilingi mbili kwa kila pauni. Huyo ana shilingi 16 zake. Anaweza kuzichukua akawanunulia watoto viatu, au akaziacha zikue chamani. Kwa hiyo kadiri nyumba ilivyokuwa na vinywa vingi vya kulishwa, ndivyo ilivyoweka akiba zaidi. Ajabu hiyo!

Na mwanamke mwenyewe aliruhusiwa kuwa mwanachama. Katika mwaka 1846 jina la Eliza Brierley liliingizwa katika kitabu cha chama. Kumbuka kwamba wakati huo, kwa sheria ya Uingereza, mali ya mke aliyeolewa ilikuwa mikononi mwa mumewe. Ilikuwa bado miaka 36 hadi sheria kubwa ya mwaka 1882 iliyompa mke haki kamili ya kumiliki mali yake.

Chama kiliendelea polepole, kama kobe. Halafu mwaka 1849 mji ukapatwa na msiba. Palikuwa na benki ya akiba mjini Rochdale, mahali ambapo vijakazi, wafumaji na wajane waliweka senti zao. Msimamizi wake, George Haworth, alikuwa mwenye kiwanda na mtu wa heshima, na watu walimwamini hata hawakuona haja ya kumchunguza. Alipofariki mwezi wa Novemba mwaka huo, vitabu vilifunguliwa, na ikagunduliwa kwamba zaidi ya pauni 70,000 za watu zilikuwa zimeliwa. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Mwenye mali aliyelala hugutuka pakacha likiwa tupu.

Watu walilia, kisha wakafikiri. Wakatazama lile duka la Toad Lane walilolicheka. Pale hesabu zilisomwa hadharani. Mwaka 1845 chama kilikuwa na wanachama 74. Kufikia 1850 walikuwa 600, na mwaka 1860 walitimia 3,450. Heshima ya bwana mkubwa iliwaponza, na kitabu kilicho wazi kikawapa pa kukimbilia.

Hawakukomea dukani. Mwaka 1850 kilianzishwa chama cha ushirika cha kusaga unga. Walifungua chumba cha magazeti na maktaba, na kutoka mwanzoni mwa miaka ya 1850 walitenga asilimia mbili na nusu ya ziada kwa ajili ya elimu. Nyinyi wanafunzi mnaohangaikia vitabu, fikirini: mfumaji asiye na shule aliweza kusoma kwa pesa zilizotokana na siagi na sukari yake mwenyewe. Baadaye chama kilihusika katika kujenga nyumba za kukodisha, na hadi leo majina ya barabara za Pioneer Street na Equitable Street mjini humo yanakumbusha kazi hiyo.

Kisha yakaja majaribu. Kuanzia mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani viliziba njia ya pamba, na viwanda vya Lancashire vikazimwa. Maelfu wakakosa kazi. Wanachama wa Rochdale waliokuwa na akiba waliitoa wakala. Idadi yao ilishuka kutoka 3,900 mwaka 1861 hadi 3,501 mwaka uliofuata. Lakini mwaka 1863, njaa ikiwa bado haijakwisha, walikuwa wamepanda tena hadi 4,013. Mwaka huo huo vyama vya eneo hilo viliungana kuanzisha chama kikuu cha kununua kwa jumla, makao yake Manchester.

Sitaki udhani kila kitu kilikuwa asali. Mwaka 1854 wana-ushirika hao walianzisha kiwanda cha kusokota na kufuma pamba, na wakakubaliana kwamba mfanyakazi naye apate sehemu ya faida, mbali na ujira wake. Kiwanda kilistawi. Kikastawi mno, kwa maana watu waliotaka faida tu walikimbilia kununua hisa, hata wakawa wengi kuliko wenye imani ya mwanzo. Mwaka 1862 walipiga kura na kuiondoa ile sehemu ya mfanyakazi. Hakuna aliyeiba wala aliyevunja sheria. Mkutano uliitishwa, mikono ikahesabiwa, na wazo lililoanzisha kiwanda likazikwa na wenye kiwanda wenyewe.

Hata hivyo kanuni za duka zilisafiri. Muungano wa kimataifa wa vyama vya ushirika ulioundwa mwaka 1895 ulizipitisha rasmi mwaka 1937 kama kanuni za Rochdale, na mwaka 1995 ukazipanga upya katika mkutano wake mjini Manchester, karibu kabisa na zilikozaliwa. Hapa Kenya, chama cha kwanza kiliundwa Lumbwa mwaka 1908, lakini kilikuwa cha walowezi. Sheria ya mwaka 1945 ndiyo iliyowafungulia Waafrika mlango wa kusajili vyama vyao kwa wingi. Ndipo zikaja kahawa, maziwa na pareto, na baadaye Sacco za walimu, makarani na wenye matatu.

Basi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Julai, siku ya ushirika duniani, inafaa tujiulize kama sisi ni watu wa Toad Lane au ni watu wa ile benki ya akiba. Wangapi kati yetu huhudhuria mkutano mkuu kwa ajili ya soda na nauli, wakapiga makofi hesabu zikisomwa, wakaenda zao? Wangapi humwachia mweka hazina wa chama cha mtaani kila kitu kwa kuwa ni mtu wa kanisa, au ni shemeji yetu, na kumwuliza ni kumkosea heshima? Kumwuliza ndiyo heshima yenyewe. Mweka hazina mwaminifu hufurahi akikaguliwa, kwa sababu siku pesa zikipotea, kitabu kilichokaguliwa ndicho kitakachomtetea.

Kwa hiyo, baba na mama, mkutano ujao nendeni na miwani. Mkitoka, wasomeeni watoto ile taarifa ya hesabu mezani baada ya chakula. Watapiga miayo, lakini siku moja watawashukuru. Nawe mwanafunzi ambaye klabu yenu ya shule inachanga shilingi ishirini ishirini, andikeni kanuni zenu kabla ya kuchanga ile ya kwanza.

Tumefundishwa tangu utotoni kwamba haba na haba hujaza kibaba. Wale waanzilishi 28 waliliamini hilo, ila kila walipokipima kibaba chao walikigeuza kwanza na kukikagua chini, wasije wakakuta kina tundu.